Nani Atatoka Kwenye Jalada la Asali Jazz

Vijana wangu, juzi nilikwenda steshenari moja hapa mjini kutoa kopi ya kitambulisho, nikamkuta kijana anatengeneza kava la CD ya bendi. Kwenye kioo cha kompyuta walikuwa wamesimama watu watano. Akabonyeza, akavuta, wakabaki wanne. Nikamuuliza yule mmoja kaenda wapi.

"Bibi, huyo wamegombana naye," akasema, akaendelea kunywa soda yake.

Sikumlaumu, lakini nilirudi nyumbani na mashaka. Nani kamtuma? Wenzake wanajua? Mwenyewe anajua? Haya ndiyo maswali niliyofundishwa kuuliza, maana miaka yangu yote ya kazi nimeimalizia katika kiwanda kidogo cha chapa nyuma ya soko la Tabora, nikitayarisha picha na michoro kabla haijaingia kwenye mashine. Lebo za makopo ya asali, kadi za harusi, vyeti vya shule, mabango ya dansi, na majalada ya santuri, ambayo nyinyi mnayaita kava. Mnaniuliza kila siku tulifanyaje kazi hiyo bila kompyuta. Nitawaambia, ila msinidai mpangilio. Ninavyokumbuka ndivyo nitakavyosema.

Aliyenifundisha ni Mzee Gaspari, Mnyamwezi aliyejifunza kupanga herufi za madini ya risasi kwa mapadri kabla ya uhuru. Alikuwa mpole sana na hakumwamini mtu yeyote. Nikimwambia "Shikamoo mzee," hujibu "Marahaba, binti," huku macho yake yako kwenye vidole vyangu, anaangalia kama nimenawa. Hakuuamini wino uliokauka juu, kwa sababu chini unaweza kuwa bado mbichi. Hakuiamini karatasi wakati wa masika, kwa sababu hunywa unyevu ikatanuka, na rangi ya pili ikienda juu yake haiangukii pale ilipotakiwa. Zaidi ya vyote hakuliamini jicho lake mwenyewe.

"Jicho ni mvivu," alikuwa akisema. "Likiona herufi mbili linajifanya limesoma neno zima."

Alikuwa na sababu. Kabla sijaajiriwa, kiwanda kilitoa kadi nzuri sana yenye maua pembeni, ikiwakaribisha ndugu na jamaa kwenye hasira ya vijana wawili wa mjini. Harusi ikawa hasira, na watu wote wa kiwandani walikuwa wameisoma wakasema iko sawa. Mzee Gaspari alipokuwa akinisimulia alimalizia, "Na ndoa yenyewe haikufika mbali." Tangu hapo alisoma prufu, yaani karatasi ya kwanza ya majaribio, kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Ukisoma hivyo maana inapotea, yanabaki maneno matupu, na kosa halina pa kujificha. Hata leo na kompyuta zenu jaribuni mtaona.

Tena miaka ile ya Ujamaa mashaka hayakuwa ya kiwandani tu. Mgeni akilala kwako, balozi wa nyumba kumi anataka kumjua. Ukionekana na viatu vipya, kuna atakayeuliza umevitoa wapi wakati dukani havipo. Bango la dansi lilisomwa mara mbili, mara ya pili kwa jicho la kisiasa. Niliwahi kuchora gita na jembe, akaja ndugu mmoja akataka kujua kwa nini jembe liko chini ya gita na si juu. Nikamjibu kwamba jembe ndilo linalolibeba gita. Akafikiri, akaondoka, lakini hakuwa ameridhika. Nilimwona anageuka mlangoni kuliangalia tena.

Sasa nije kwenye Asali Jazz.

Hii ilikuwa bendi ya watu sita, wengine wafanyakazi wa reli, wengine mafundi wa hapa mjini. Kiongozi wao alikuwa Kapalata, mpiga gita, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Mwimbaji alikuwa Shaabani, ambaye kwangu ni shemeji, kwa kuwa alimwoa mdogo wangu Zaina. Mpuliza saksafoni alikuwa Luhende, kijana kutoka Lusu, upande wa Nzega, mkimya, mwenye adabu, ambaye kila mama mjini alitamani awe mkwe wake. Wengine watatu sitawataja majina msije mkachanganyikiwa.

Nyimbo zao zilirekodiwa, na santuri zikapelekwa kufyatuliwa Nairobi, zirudi zikiwa ndani ya karatasi nyeupe tupu. Jalada waliamua litengenezwe hapa Tabora. Walisema ni kwa moyo wa kujitegemea. Kapalata aliniambia sababu nyingine pembeni, kwamba hamwamini mtu wa Nairobi kuandika majina ya Kinyamwezi.

Picha walipigwa mbele ya ghala la stesheni, wamevaa mashati ya kufanana. Kapalata katikati na gita lake, wapigaji wale watatu upande wa kushoto, na upande wa kulia Luhende na saksafoni yake, na nyuma kidogo ya bega la Luhende, pembeni kabisa, shemeji Shaabani akitabasamu.

Kazi yangu ilikuwa kuibandika picha kwenye kadi ngumu na kuisafisha. Nilikuwa na brashi yenye nywele chache sana, rangi nyeupe na rangi nyeusi. Nilifuta mikunjo na kuongeza weusi pale jua lilipoula, na kofia iliyotia kivuli usoni niliipunguza. Halafu kadi hupelekwa Dar es Salaam kwa treni, ikatengenezewe bloku ya zinki, kama muhuri mkubwa wenye picha. Bloku ikirudi, mambo yamekwisha. Huwezi kumtoa mtu wala kumwongeza. Ndiyo maana ugomvi wowote ulitakiwa uishe kabla ya treni.

Kapalata alikuja peke yake, akafunga mlango nyuma yake, akavuta kigoda.

"Dada Mwajuma, huyu wa pembeni anaweza kutoka?"

"Nani, Shaabani?"

"Usimtaje jina. Nauliza kama kazi."

Nikaitazama picha. Nikamwambia ukweli. "Kama kazi, anaweza. Yuko nyuma ya mwenzake. Nitapaka ukuta pale aliposimama, hakuna atakayejua."

"Basi tengeneza mbili. Moja yumo, moja hayumo. Treni ikikaribia nitakwambia ipi iende. Na usimwambie mtu."

Sababu aliitoa kwa shida. Kulikuwa na mgeni kutoka Dar es Salaam, mwenye viatu vilivyochongoka mbele, amefikia mtaa wa Ipuli, nyumba ya pili kutoka kwa Shaabani. Bendi za Dar zilikuwa na tabia ya kutuma watu mikoani kuchukua wanamuziki wazuri. Mwimbaji akiondoka, akasema, santuri yetu itauzwa na sura ya mtu anayeimba kwa watu wengine.

Alipotoka nilibaki na kichwa kizito. Kapalata alijua vizuri kabisa kwamba Shaabani ni shemeji yangu. Kwa nini siri hii aniletee mimi? Ananipima? Au anataka niifikishe nyumbani, ili Shaabani aogope, na yeye Kapalata aseme hakusema kitu? Nilishika brashi, nikaiweka chini.

Kesho yake akaja Shaabani. Alijifanya anapita njia.

"Shemeji, hiyo picha mmeipeleka?"

"Bado."

"Nimetoka vizuri?"

"Umetoka vizuri."

"Nimo?"

Nikamtazama. Hilo si swali la mtu anayepita njia. "Kwa nini usiwemo, shemeji? Si ulisimama pale?"

"Kapalata hanitazami tukifanya mazoezi. Akinitazama, ananitazama kama mtu anayepima nguo. Nionyeshe kadi."

"Kazi ya mteja haionyeshwi kabla ya prufu."

"Na mimi ni nani? Mimi si mteja?"

Nikaifunika kadi kwa karatasi. Aliondoka bila kuaga, na haikuwa tabia yake.

Mambo hayakuishia hapo. Mpiga ngoma alikuja kuuliza kama ngoma imemficha kidevu. Mpiga besi alikuja kuazima gundi ambayo hakuwa na kazi nayo, macho yake yote yako mezani kwangu. Kila aliyekuja alikuwa na sababu ya uongo mdomoni na swali la kweli machoni. Kufika katikati ya wiki walikuwa wamekuja karibu wote.

Halafu akaja Zaina, mdogo wangu, na kikapu cha soko. Hakukaa.

"Dada, nieleze. Mume wangu hali chakula. Kanunua shati jipya. Mgeni wa jirani mwenye viatu vile ameonekana mlangoni kwetu anaomba maji. Anaondoka, sivyo?"

"Shati ni la picha, Zaina. Wote wamenunua."

"Unamtetea."

"Simtetei. Sijui."

"Wewe unayetengeneza picha yao usijue?" akasema. Akainua kikapu chake akatoka. Mdogo wangu wa tumbo moja, siku zile alinitazama kama mke mwenza.

Nikaona kazi hii itanishinda. Nikamfuata Mzee Gaspari kwenye kabati lake la herufi, nikamweleza yote, pamoja na ile siri. Alisikiliza huku mikono yake inaendelea kuokota herufi.

"Mteja akikwambia usimwambie mtu, binti, muulize ni mtu gani huyo asiyetakiwa kuambiwa. Akisita, ujue kazi ile ina wateja wawili."

"Sasa nifanyeje?"

"Agizo hapa limeandikwa kwa jina la nani? La Kapalata?"

"La bendi."

"Basi waje bendi. Kila mmoja aione kadi, aweke sahihi nyuma. Asiyeweka, kadi haipandi treni. Waambie ni sheria ya kiwanda."

"Ni sheria ya kiwanda?"

"Kuanzia leo," akasema.

Ile kadi ya pili, isiyo na Shaabani, sikuitengeneza. Kapalata alipoambiwa kuhusu sahihi alinisogelea mezani. "Umekwenda kusema," akanong'ona. Nikamjibu kwamba nimesema kwa mkubwa wangu wa kazi, si kwa shemeji. Sidhani kama aliniamini. Na Shaabani naye alipopata habari kwamba wanaitwa wote, alimwambia Zaina kwamba dada yake na Kapalata wamepanga kumwaibisha mbele ya watu. Kwa hiyo siku ile nilikuwa msaliti wa pande zote mbili, na wino wa kazi ya watu wengine unanisubiri.

Walikuja alasiri, treni ya Dar ilikuwa iondoke jioni. Niliweka kadi mezani, juu yake nimefunika karatasi nyepesi ya kuonyesha mahali pa maandishi. Wakasimama kuizunguka, hakuna aliyesimama karibu na mwenzake. Nikaifunua. Watu wakahesabu sura, kila mmoja akianza na yake.

Shaabani alijiona, akavuta pumzi. Kisha akamgeukia Kapalata. "Ulitaka kunitoa au hukutaka?"

Kapalata hakukimbia swali. "Nilitaka. Unaondoka."

"Naondoka kwenda wapi?"

"Mgeni wa Ipuli."

"Yule alikuja kuomba maji kwangu, nikampa maji. Hilo ndilo kosa langu? Nani kakwambia naondoka?"

Macho ya Kapalata yakazunguka meza. Mzee Gaspari, aliyekuwa kwenye kabati lake la herufi, akauliza polepole, "Mbona sahihi zitakuwa tano? Yule wa saksafoni yuko wapi?"

Hapo ndipo na mimi nilipoamka. Wiki nzima watu walipishana mlangoni kwangu kuuliza kama wamo kwenye picha. Luhende peke yake hakuja. Mimi nilidhani ni adabu.

Tulimtuma mpiga ngoma na baiskeli. Kabla hajarudi alipita balozi wa Ipuli, amekuja kuchukua vitabu vya stakabadhi za tawi la chama. Akatukuta tumenuna, akauliza kulikoni. Alipoelezwa akashangaa. Yule mgeni, akasema, ameaga kwake asubuhi, akaondoka kwa lori la kwenda Nzega, apande basi la mbele. Alikuwa na mwenzake, kijana mwenye sanduku jeusi refu. Balozi alipomuuliza ndani kuna nini, kijana alilifungua kwa heshima akamwonyesha tarumbeta, maana saksafoni wengi waliiita hivyo.

Luhende hakupanda treni ya hapa kwa sababu pale stesheni kila mtu alimjua. Saksafoni ilikuwa yake mwenyewe, hakuiba kitu. Hata hivyo Kapalata aliketi juu ya marobota ya karatasi.

"Ni yeye aliyeniambia," akasema. "Luhende. Alinikuta nafunga nyuzi, akaniambia, kaka, yule mgeni simwelewi, kila siku yuko kwa Shaabani. Nikamwona ananitakia mema."

Shaabani hakucheka wala hakumlaumu. Alichukua kalamu akaweka sahihi nyuma ya kadi. Halafu Kapalata akasimama, sauti yake ndogo imekuwa ngumu.

"Dada Mwajuma, mtoe huyo Luhende. Sasa hivi."

Vijana, hili mlisikilize vizuri, kwa sababu kompyuta zenu zimewasahaulisha. Aliye nyuma kwenye picha unaweza kumfuta. Aliye mbele ni shida, kwa sababu kile kilichokuwa nyuma yake picha haikukiona. Luhende alisimama mbele ya Shaabani. Bega lake na saksafoni yake vimeziba nusu ya kifua cha shemeji na mkono wake mzima. Nikimtoa Luhende, shemeji anabaki kichwa na ubavu mmoja.

Nilimweleza Kapalata hivyo. Akanishuku. Akadhani namlinda mtu tena. Nikakata kipande cha karatasi nyeupe kwa mkasi, umbo la Luhende na saksafoni yake, nikakilaza juu ya kadi. Wote wakainama. Shemeji alionekana kama mtu anayechungulia kwenye dirisha lililovunjika. Mpiga besi akaanza kucheka, akajizuia.

"Mchore huo mkono," Kapalata akasema.

"Nitauchora, lakini utakuwa mkono wangu, si wa Shaabani. Watu watauona."

Shaabani ndiye aliyemaliza. "Mwache," akasema. "Kwenye santuri anapuliza, au hapulizi? Utamtoa kwenye picha, kwenye wimbo utamtoa na brashi gani?"

Kapalata akaitazama kadi, kisha akamtazama Shaabani, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakumtazama kama fundi nguo. Akaweka sahihi, na wenzake wakafuata, hata mpiga ngoma aliyerudi bila Luhende; ya Luhende Mzee Gaspari hakuidai. Mzee Gaspari akaifunga kadi kwa karatasi ya kaki na uzi, akaipeleka stesheni mwenyewe, maana mtu wa kumtuma hakumpata anayemwamini.

Bloku iliporudi tulichapa picha kwa wino mweusi, na juu yake rangi ya asali niliyoichonga mimi kwenye kipande cha lainoleamu, ule mpira wa kutandika sakafuni. Ilikuwa masika. Karatasi ilitanuka kama Mzee alivyosema, na majalada ya mwanzo yalitoka na Kapalata mwenye sikio na shavu la njano. Alipoyaona aliuliza kama na hilo ni la makusudi. Nilimwapia kwamba si la makusudi. Tuliyatupa, tukasubiri jua, tukaanza upya.

Santuri tulizipeleka mara ya kwanza Usoke, msimu wa tumbaku, wakulima wakiwa wamekwisha uza. Bendi ilipiga mchana uwanjani, mimi na Zaina tukakaa kwenye meza na majalada yetu. Mpuliza saksafoni mpya hawakuwa wamempata, nafasi yake ilijazwa na gita. Mzee mmoja mkulima alilichukua jalada, akaligeuza, akamwendea Kapalata aliyekuwa anapumzika kando yetu.

"Huyu wa tarumbeta mbona simwoni leo? Huyu ndiye niliyemfuata."

Nilijua Kapalata ana maneno ya kusema juu ya Luhende, na mengi niliyasikia kiwandani. Akafuta jasho.

"Amekwenda kazini Dar es Salaam, baba. Ni mtu wetu."

Mzee akaridhika, akachukua jalada lake. Shaabani alikuwa amesimama pale pale, amesikia kila kitu.

Jioni hiyo tulirudi mjini kwenye lori, tumekaa juu ya vyombo. Zaina alisinzia begani kwangu. Tulikuwa tumekwisha patana, ingawa hakuna aliyeomba radhi. Shaabani akasogea, akasema kwa sauti ya chini:

"Shemeji, kumbe siku nikiondoka mimi, Kapalata atasema hivyo hivyo. Ni mtu wetu."

"Unaondoka?" nikamuuliza.

Akacheka, akageukia upande wa miombo inayopita, akaanza kuimba kidogo kidogo bila maneno.

Hakuondoka. Aliimba na Asali Jazz mpaka bendi yenyewe ilipokufa kifo chake, akafungua duka la kushona, akazeeka hapa hapa Ipuli, tukamzika hapa hapa. Mdogo wangu anasema hakuwahi kupata mume mtulivu zaidi yake, na mimi naamini. Lakini miaka yote ile, kila alipokuja nyumbani kwangu na shati jipya, nilimkaribisha, nikampa chai, na kabla ya kukaa nilichungulia mlangoni kuona kama ameacha sanduku nje.